Frederick Gardner Cottrell

Frederick Gardner Cottrell (Oakland, California, 10 Januari 1877 – Berkeley, California, 16 Novemba 1948) alikuwa mwanakemia na mvumbuzi kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuvumbua mtambo unaonasa vumbi, jivu na ukungu wa asidi kwa kutumia umeme. Mitambo ya namna hiyo hadi leo hufungwa kwenye mabomba ya moshi (dohani) ya vituo vya umeme, viwanda vya saruji na viwanda vya kuyeyushia madini. Anakumbukwa pia kwa sababu alitoa sehemu kubwa ya haki za hataza zake ili mapato yagharimie utafiti wa kisayansi.

Jina lake halitajwi sana katika shule za Afrika Mashariki. Hata hivyo, swali alilokutana nalo kila alipofunga mtambo linahusu bidhaa zinazopita Dar es Salaam kila siku, kuanzia bandarini hadi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo na Gerezani. Swali ni hili: uchafu uliozuiwa usitoke kwenye dohani unaweza kuuzwa, na je, fedha yake hutosha kulipia gharama ya kuuzuia?

Maisha ya awali na elimu

Cottrell alizaliwa Oakland, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco. Tangu utotoni alipenda majaribio ya umeme na kemia. Aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwa na umri wa miaka 16 na kuhitimu mwaka 1896. Alifundisha kemia katika shule ya sekondari ya Oakland kwa miaka michache, akiweka akiba ya kwenda Ujerumani, ambako wakati ule ndiko kemia ilikostawi zaidi. Alisoma Berlin chini ya Jacobus van 't Hoff, kisha Leipzig chini ya Wilhelm Ostwald, na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1902. Wanafunzi wa kemia ya umeme bado hujifunza mlinganyo wenye jina lake, unaoeleza jinsi mkondo unavyopungua kwenye elektrodi kadiri muda unavyopita.

Mwaka huohuo wa 1902 alirudi Berkeley kufundisha. Mwaka 1904 alimwoa Jessie Mae Fulton.

Uvumbuzi

Mnamo 1905 na 1906 Cottrell alifanya kazi ya ushauri kwa kiwanda cha baruti cha Du Pont kilichokuwa Pinole, karibu na Berkeley. Kiwanda hicho kilitengeneza asidi ya salfuriki kwa njia mpya iliyotumia kichocheo. Aseniki iliyokuja na gesi ilikiharibu kichocheo hicho, na ukungu wa asidi ulikuwa mgumu kuukamata. Alijaribu kwanza kuuzungusha kwa kasi ili matone yatengane na gesi, lakini hakufanikiwa vya kutosha. Ndipo alipogeukia umeme.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Mwaka 1824 mwalimu wa hisabati aliyeitwa Hohlfeld, katika mji uleule wa Leipzig, alionyesha kwamba moshi ndani ya chupa husafika ukipitishiwa umeme. Mnamo 1885 mwanafizikia Mwingereza Oliver Lodge alishiriki jaribio la kusafisha moshi wa kiwanda cha risasi huko Bagillt, Wales, ambalo lilishindwa. Mashine za kuzalisha umeme za wakati ule zilikuwa dhaifu, na mvuke wa risasi ni miongoni mwa vitu vigumu kunaswa kwa njia hiyo.

Cottrell alikuwa na vifaa ambavyo Lodge hakuwa navyo. Alichukua mkondo geu wa kawaida, akaupandisha kwa transfoma hadi maelfu ya volti, kisha akaugeuza kuwa mkondo nyoofu kwa swichi inayozunguka. Bahati nayo ilimsaidia. Aligundua gizani kwamba waya uliofunikwa kwa nyuzi ulitoa mwanga hafifu kwenye ncha za nyuzi hizo, na kwamba umeme ulisambaa hewani vizuri zaidi kutoka kwenye ncha nyingi ndogo kuliko kutoka kwenye waya mtupu. Alianza kutumia elektrodi zenye manyoya ya namna hiyo. Aliomba hataza mwaka 1907, na ile inayojulikana zaidi, namba 895,729 ya Marekani, ilitolewa tarehe 11 Agosti 1908. Mwaka huohuo wa 1908 ndio umeme ulioanza kutumika Dar es Salaam, chini ya utawala wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji.

Kanuni ya mtambo inaeleweka kwa urahisi. Sega la plastiki likisuguliwa kwenye nywele kavu huvuta vipande vya karatasi. Ndani ya mtambo wa Cottrell moshi hupita kati ya waya mwembamba wenye volti nyingi na bamba au bomba la chuma. Chembe za vumbi huchajiwa, huvutwa kuelekea bamba na kuganda pale. Bamba hugongwa mara kwa mara, vumbi huanguka chini kwenye faneli na kukusanywa. Moshi hauzibwi na kitambaa wala chujio lolote, na hiyo ndiyo sababu mtambo huu unaweza kusafisha gesi nyingi mno bila kuhitaji nguvu kubwa ya kuisukuma. Udhaifu wake ni kwamba hunasa kilicho chembe au tone tu. Gesi halisi, kama ile ya salfa, hupita kama kawaida.

Kesi za moshi na thamani ya kilichonaswa

Cottrell na wenzake wachache waliunda kampuni ndogo mwaka 1907, na kazi yao ya kwanza ya biashara ilitoka mahakamani. Kiwanda cha Selby, kando ya mlangobahari wa Carquinez, kilitenganisha fedha na dhahabu kwa kuzichemsha katika asidi ya salfuriki, na ukungu mweupe ulivuka maji hadi Benicia na mashamba ya jirani. Wakulima walishtaki. Mtambo wa Cottrell ulifungwa kwenye dohani hiyo na ukungu ukaisha. Asidi iliyonaswa ilikuwa bidhaa ambayo kiwanda chenyewe kiliihitaji. Hapo mambo yalikuwa mepesi, kwa kuwa mteja na mchafuzi walikuwa mtu mmoja.

Balaklala ilikuwa habari nyingine. Kiwanda hicho cha shaba kilikuwa Coram, katika wilaya ya Shasta kaskazini mwa California, na wakulima wa bonde la Sacramento walidai moshi wake ulikausha miti ya matunda. Mwaka 1910 ulifungwa mtambo mkubwa kuliko yote iliyotangulia. Ulinasa sehemu kubwa ya vumbi, lakini salfa dioksidi ilipita, nayo ndiyo iliyochoma majani. Kitaalamu ingewezekana kuigeuza kuwa asidi. Kibiashara haikuwezekana, maana asidi ni nzito, ni ya hatari na ni ghali kusafirisha, na wanunuzi walikuwa mbali na milima ile. Kiwanda kilifungwa mwaka 1911.

Ni vizuri kulinganisha na Ducktown, Tennessee, ambako hali ilikuwa kinyume. Jimbo la Georgia lilikuwa limeshinda kesi dhidi ya kampuni ya shaba ya huko katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1907. Kampuni ilijenga mitambo ya kugeuza moshi kuwa asidi ya salfuriki, na viwanda vya mbolea ya fosfeti vya majimbo ya kusini vilikuwa karibu kuinunua. Baada ya muda asidi, ambayo zamani ilikuwa moshi wa kuua miti, ikawa bidhaa muhimu kuliko shaba yenyewe. Gesi ni ileile, na kemia ni ileile. Kilichotofautiana ni umbali wa soko.

Kesi ya tatu ya Cottrell ilihusu vumbi la saruji. Wenye mashamba ya machungwa karibu na Riverside, kusini mwa California, walilalamika kwamba kiwanda cha saruji cha Crestmore kilifunika miti yao kwa vumbi. Mwanafunzi wake wa zamani, Walter Schmidt, alitengeneza mtambo ulioweza kuhimili joto kali la gesi za tanuri. Vumbi lilinaswa, lakini mwanzoni lilikuwa mzigo tu. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Marekani ilikuwa ikinunua potashi, chumvi za potasiamu zinazotumika kama mbolea, karibu yote kutoka Ujerumani. Biashara hiyo ilipokatika, bei ilipanda zaidi ya mara kumi. Ikabainika kwamba potasiamu iliyomo katika malighafi ya saruji hugeuka mvuke ndani ya tanuri na kuganda kwenye vumbi. Kwa miaka michache vumbi la Riverside lilikuwa mali. Vita ilipokwisha na potashi ya Ujerumani kurudi sokoni, biashara hiyo ilinyauka karibu kote nchini. (Vita hiyo ndiyo iliyoipa Kariakoo jina lake, kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi mahali hapo.)

Tangu hapo haikuwa rahisi kwa mtu makini kudai kwamba kunasa uchafu hujilipia daima. Mara nyingi mahakama ndiyo iliyolazimisha mtambo kujengwa, na mauzo yalikuja baadaye kupunguza maumivu ya gharama, yakipanda na kushuka pamoja na soko.

Shirika la Utafiti

Hataza za Cottrell ziliahidi utajiri. Yeye aliona afadhali zitumike kugharimia sayansi, kwa sababu alifahamu watafiti wengi wa vyuo vikuu walivyokosa fedha. Alipendekeza kuzitoa kwa Taasisi ya Smithsonian ya Washington. Wasimamizi wake walisita kuendesha biashara moja kwa moja, lakini katibu wa taasisi, Charles Doolittle Walcott, alimsaidia kupata njia nyingine. Mwaka 1912 liliundwa New York shirika lililoitwa Research Corporation, yaani Shirika la Utafiti. Lilijenga na kuuza mitambo ya kunasa vumbi kama kampuni yoyote, ila halikugawa gawio kwa wenye hisa. Faida ilikwenda kwenye utafiti. Wenzake wa California walibaki na haki za eneo la magharibi.

Shirika hilo ni miongoni mwa taasisi za kwanza za namna hiyo nchini Marekani. Lilichangia majaribio ya roketi ya Robert Goddard. Mwaka 1931 lilitoa dola 5,000 kwa kijana Ernest Lawrence wa Berkeley, aliyekuwa akijenga siklotroni, mashine ya kuharakisha chembe za atomu. Lawrence alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1939. Kwa hiyo sehemu ya fizikia ya nyuklia ya karne ya 20 ililipiwa na vumbi la saruji na moshi wa shaba.

Kazi serikalini na miaka ya mwisho

Cottrell alijiunga na Ofisi ya Migodi ya serikali ya Marekani mwaka 1911 na kuwa mkurugenzi wake kwa muda mfupi mwaka 1920. Wakati wa vita alihimiza utenganishaji wa heli kutoka kwenye gesi asilia. Kuanzia 1922 hadi 1930 aliongoza maabara ya serikali iliyochunguza njia za kupata mbolea kutokana na nitrojeni ya hewani. Alipata nishani ya Perkin mwaka 1919 na ya Willard Gibbs mwaka 1920.

Jambo moja lisilotarajiwa kwa mhandisi wa moshi ni mapenzi yake kwa lugha. Aliamini wanasayansi wa mataifa wanahitaji lugha moja rahisi ya kuwasiliana, akaitetea hoja hiyo kwenye kamati za kimataifa kwa miaka mingi. Msomaji wa Kiswahili, lugha iliyounganisha watu wa makabila mengi kwa njia ya biashara, anaweza kuelewa kiu hiyo, ingawa lugha za kubuni alizozipigania hazikuenea.

Alikuwa mtu wa mawazo mengi, mepesi kuanzisha jambo na kuwaachia wengine kulimaliza. Shirika la pili aliloliunda katika miaka ya 1930 halikudumu. Tarehe 16 Novemba 1948 alifariki ghafla akiwa kwenye mkutano wa Chuo cha Taifa cha Sayansi uliofanyika Berkeley. Mwaka 1992 aliingizwa katika Jumba la Taifa la Wavumbuzi la Marekani.

Mtambo wake katika vituo vya umeme

Matumizi makubwa kuliko yote yalikuja kupitia makaa ya mawe. Katika miaka ya 1920 vituo vya umeme vilianza kuchoma makaa yaliyosagwa kuwa unga. Moto wake ni mzuri, lakini jivu halibaki chini ya tanuri. Linapaa na moshi. Mwaka 1923 mitambo ya Cottrell ilifungwa katika kituo cha Trenton Channel, karibu na Detroit, na ndiyo ya kwanza kunasa jivu la namna hiyo.

Kwa miaka jivu hilo lilimwagwa mashimoni. Mwaka 1937 watafiti wa Berkeley walichapisha matokeo kuhusu zege lililochanganywa na jivu laini: likitumika badala ya sehemu ya saruji, zege hupata joto kidogo linapoganda na huendelea kuwa imara kwa muda mrefu. Bwawa la Hungry Horse huko Montana, lililojengwa kati ya 1948 na 1953, lilitumia takriban tani 120,000 za jivu, lililosafirishwa kwa reli kutoka Chicago.

Mfano huo usiwapotoshe wanafunzi. Anayejenga nyumba Dar es Salaam anajua kwamba sehemu kubwa ya bei ya lori la mchanga ni usafiri. Jivu ni hivyohivyo. Kituoni halina thamani kubwa, na kila kilomita huongeza gharama hadi saruji ya karibu inapokuwa nafuu zaidi. Isitoshe, jivu lenye makaa yasiyoungua vizuri hukataliwa na wajenzi. Faida ya kweli mara nyingi haionekani kwenye stakabadhi ya mauzo. Ni gharama ya kulifukia ambayo mwenye kituo ameiepuka, na hiyo huwa kubwa pale tu sheria inapomkataza kulitupa ovyo.

Gesi ya salfa, iliyomshinda Cottrell kule Balaklala, ilidhibitiwa na wengine. Kituo cha Battersea, London, kilichofunguliwa mwaka 1933, kiliosha moshi kwa maji ya mto Thames na kuyarudisha mtoni pamoja na kilichooshwa, bila kuuza chochote. Baadaye Japani na Ujerumani zilieneza njia ya kuosha moshi kwa maji yenye unga wa mawe ya chokaa, na kinachobaki ni jasi safi ya kutengenezea mbao za dari na kuta. Viwanda vya mbao hizo vikajengwa jirani na vituo vya makaa. Uingereza ilipofunga kituo chake cha mwisho cha makaa mwezi Septemba 2024, chanzo hicho cha jasi kilikwisha huko.

Afrika Mashariki

Dar es Salaam haina jivu la kuuza. Vituo vyake vya Ubungo na Kinyerezi hutumia gesi asilia, ambayo ilianza kufika kutoka Songo Songo mwaka 2004 na ambayo haiachi jivu. Viwanda vya saruji vya Tanzania hupata jasi kutoka machimbo ya Makanya, wilayani Same, na Kilwa, na Mbeya saruji huchanganywa na majivu ya volkano, ambayo hufanya kazi ileile ya jivu la kituo cha umeme. Kwenye maduka ya Kariakoo na Gerezani mteja anaponunua ubao wa dari wa jipsamu ulioletwa kwa meli, hawezi kujua kwa macho kama jasi yake ilichimbwa ardhini au ilitoka kwenye dohani, kwa sababu kikemia ni kitu kimoja.

Pwani ya Waswahili ilikaribia kupata jivu lake. Kenya ilipanga kituo cha makaa cha megawati 1,050 huko Lamu, na mahali pa kulaza jivu, karibu na bahari ya wavuvi, palikuwa moja ya hoja za waliokipinga. Mnamo Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya nchi hiyo ilifuta leseni ya mazingira ya mradi.

Huko Kasese, Uganda, lundo la mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe lilitiririsha asidi kwa miaka mingi kuelekea Ziwa George. Mwaka 1999 kampuni moja ilianza kutoa kobalti humo kwa msaada wa bakteria, kwa kuwa bei ya kobalti iliruhusu. Kazi iliendelea hadi lundo lilipokwisha.

Biashara kubwa zaidi ya aina hii hupitia bandari ya Dar es Salaam bila kuitwa kwa jina hilo. Salfa inayotumika duniani leo, kwa sehemu kubwa, haichimbwi. Huondolewa kwenye mafuta na gesi ili isichafue hewa yatakapochomwa, kwa njia iliyotokana na kazi ya Carl Friedrich Claus ya mwaka 1883. Nchi za Ghuba zina ziada yake. Malori huibeba kutoka bandarini kupitia Tunduma hadi Zambia na Katanga, ambako hugeuzwa asidi ya kuyeyushia shaba na kobalti. Viwanda vya kuyeyushia shaba vya Zambia navyo siku hizi hunasa moshi wao na kutengeneza asidi hiyohiyo, kwa hiyo bei ya salfa bandarini hushindana na asidi inayotoka dohani za huko. Salfa nyingine husagwa kuwa unga na kwenda Mtwara na Lindi, ambako wakulima hupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga.